Tommy Douglas: Mchungaji wa nyikani aliyeigeuza tiba kuwa haki ya kila mkazi

MVULANA mmoja mwenye umri usiotimia miaka kumi alilazwa katika wadi ya maskini mjini Winnipeg, Kanada, mguu wake wa kulia ukiwa umeoza mfupa. Madaktari walikwisha kuwaarifu wazazi wake kwamba hapakuwa na njia nyingine ila kuukata. Baba alikuwa fundi wa kiwandandani, mhamiaji asiye na akiba. Gharama ya daktari bingwa ilikuwa ndoto kwake.

Mguu ule ulinusurika kwa bahati tu. Daktari mmoja mashuhuri wa mifupa, alipokuwa akipita wadini pamoja na wanafunzi wake, alivutiwa na ugonjwa wa mtoto huyo kama somo la kufundishia. Akajitolea kumpasua bila malipo, mradi wazazi wakubali wanafunzi watazame. Wakakubali. Baada ya upasuaji wa mara kadhaa, mtoto akasimama tena kwa miguu yake miwili.

Mtoto huyo alikuwa Thomas Clement Douglas, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Tommy Douglas. Alikua akimshukuru daktari yule maisha yake yote. Hata hivyo, kadiri alivyozidi kupevuka, ndivyo swali moja lilivyozidi kumkera: vipi kuhusu watoto wa wadi ile ambao ugonjwa wao haukumvutia bingwa yeyote? Aliona kuwa mguu wa mtoto haufai kutegemea mfuko wa babake wala hisani ya mpita njia. Swali hilo ndilo lililomsukuma, miongo kadhaa baadaye, kulifanya jimbo fukara la wakulima wa ngano kuwa la kwanza Amerika Kaskazini kumlipia kila mkazi wake gharama za hospitali na za daktari kutoka katika mfuko mmoja wa umma.

UTOTO WA KUHAMAHAMA

Douglas alizaliwa Oktoba 20, 1904 katika mji wa Camelon, karibu na Falkirk, nchini Uskoti. Babake, aliyeitwa pia Thomas, alikuwa fundi wa kusubu vyuma na askari wa zamani wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Mamake, Anne Clement, alikuwa mwanamke mcha Mungu wa madhehebu ya Baptisti. Ni kabla ya kuondoka Uskoti ambapo mtoto alianguka na kuumia goti, na jeraha hilo likazaa usaha ulioingia mfupani. Baba alitangulia Kanada mnamo 1910, na jamaa wakamfuata baadaye.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, baba alirejea jeshini na familia ikarudi Uskoti, mjini Glasgow. Tommy aliacha shule mapema, akaajiriwa katika kiwanda cha vizibo vya chupa ili kuisaidia nyumba. Vita vilipokwisha, familia ilivuka tena bahari hadi Winnipeg.

Huko walikuta mji ukitokota. Mnamo Mei 1919 wafanyakazi wa Winnipeg waligoma kwa pamoja wakidai ujira bora na haki ya vyama vyao kutambuliwa, na shughuli za mji zikakwama kwa majuma sita. Juni 21 askari wa farasi waliwafyatulia risasi waandamanaji na watu wawili wakapoteza maisha. Douglas, aliyekuwa kijana wa miaka 14, aliyatazama hayo kutoka juu ya paa la jengo. Hakusahau alichokiona.

Alijifunza kazi ya uchapishaji, akawa stadi wa kupanga herufi katika mtambo wa chapa. Nyakati za jioni alikuwa akijitoma ukumbini kupigana ndondi. Ingawa alikuwa mfupi na mguu wake haukupona sawasawa, alitwaa ubingwa wa uzani mwepesi wa jimbo la Manitoba mnamo 1922 na kuutetea mwaka uliofuata. Ubingwa huo ulimgharimu pua iliyovunjika na meno kadhaa. Waliokuja kupambana naye bungeni walitambua baadaye kwamba mtu huyo mdogo wa umbo alikuwa amezoea kupigwa bila kuanguka.

MIMBARI YA WEYBURN

Mwaka wa 1924 alijiunga na Chuo cha Brandon ili kusomea uchungaji. Alihitimu mnamo 1930, akamwoa Irma Dempsey, na akapokea wito wa kuliongoza Kanisa la Baptisti la Calvary katika mji mdogo wa Weyburn, kusini mwa jimbo la Saskatchewan.

Hakuna wakati mbaya kuliko huo ambao mchungaji kijana angeweza kufika huko. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza. Bei ya ngano iliporomoka, na kana kwamba hayo hayatoshi, mbingu zilifunga. Ukame uliandamana na pepo zilizong'oa udongo wa mashambani na kuufanya mawingu meusi ya vumbi. Wakulima waliokuwa na jina la kuwa matajiri walianza kupanga foleni za chakula cha msaada. Mchungaji Douglas akaligeuza kanisa kuwa ghala la nguo kuukuu na vyakula.

Septemba 1931 wachimba migodi ya makaa ya mawe waligoma katika eneo la Estevan, si mbali na Weyburn. Polisi waliwapiga risasi na watatu wakafa. Douglas alikuwa upande wa wachimba migodi na aliwapelekea chakula, jambo lililowakasirisha baadhi ya waumini wake wenye uwezo. Isitoshe, alizika watu ambao, kama alivyosimulia miaka ya baadaye, wangali hai iwapo wangemwona daktari mapema. Hawakumwona kwa sababu hawakuwa na fedha, au kwa sababu daktari hakuwapo.

Si haki kumsimulia mtu kwa mazuri yake pekee. Katika miaka hiyo hiyo Douglas aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha McMaster mnamo 1933, ambamo aliunga mkono fikra iliyovuma wakati huo kwamba watu walioonekana kuwa na akili pungufu wazuiwe kuzaa. Ni doa katika maisha yake. Mnamo 1936 alizuru Ujerumani na kushuhudia kwa macho yake jinsi utawala wa Hitler ulivyokuwa ukijijenga, naye akaachana na fikra hizo. Aliposhika madaraka na kupewa pendekezo la kuwafunga uzazi wagonjwa wa akili, alilikataa.

KUTOKA KANISANI HADI BUNGENI

Kutoa sadaka, alitambua Douglas, hakukausha chanzo cha umaskini. Mnamo 1932 wakulima, wafanyakazi na wasomi walikutana Calgary na kuasisi chama cha CCF chini ya J.S. Woodsworth, mchungaji mwingine aliyegeukia siasa. Chama hicho kilihubiri ujamaa wa kidemokrasia, yaani mabadiliko yanayopitia kwenye sanduku la kura. Douglas aliwania kiti cha bunge la jimbo mwaka wa 1934 akaanguka. Mwaka uliofuata alijaribu bunge la taifa na safari hii akashinda.

Jijini Ottawa alijipambanua kwa ulimi mwepesi na mzaha uliochoma bila kutukana. Alipenda kusimulia hekaya, aliyoipata kwa mwanasiasa mwenzake, kuhusu nchi ya panya waliokuwa na desturi ya kuwachagua paka wawatawale. Wakichoka na paka weusi wanachagua weupe, wala hawajiulizi kwa nini wasichague panya wenzao. Wasikilizaji walicheka, kisha wakarudi nyumbani wakitafakari.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alijitolea kwenda vitani, lakini madaktari wa jeshi waliukagua mguu ule wa utotoni na kumzuia kusafiri. Kikosi ambacho angeandamana nacho kilipelekwa Hong Kong, ambako wanajeshi wengi wa Kanada waliuawa au kutekwa na Wajapani mnamo Desemba 1941. Kwa mara ya pili mguu huo ukaamua mkondo wa maisha yake.

Mnamo 1942 alichaguliwa kiongozi wa CCF katika Saskatchewan. Juni 15, 1944 wapiga kura wakatoa uamuzi uliotikisa nchi: CCF ilinyakua viti 47 kati ya 52 vya bunge la jimbo. Ilikuwa serikali ya kwanza ya kijamaa kuchaguliwa Amerika Kaskazini. Douglas, akikaribia umri wa miaka 40, akawa waziri mkuu wa jimbo. Kati ya wizara zote, aliyochagua kuishika yeye mwenyewe ilikuwa ya afya.

HAZINA TUPU, AHADI NZITO

Saskatchewan ilikuwa na watu yapata laki tisa waliotawanyika katika uwanda mpana. Hazina yake ilielemewa na madeni ya miaka ya ukame. Wengi walisema jimbo hilo ni la mwisho ambalo lingefikiria kumtibu kila mtu.

Hata hivyo, wenyeji wa jimbo hilo walikuwa na mazoea ya kushirikiana kwa sababu ya dhiki. Tangu mwongo wa 1910, baadhi ya tarafa za mashambani zilikuwa zikijitoza kodi ili kumlipa daktari mshahara asiwatoroke, na vijiji jirani vilikuwa vikiungana kujenga hospitali. Mnamo 1929, kabla ya Douglas kufika, jimbo lilikuwa limekwisha kuifanya tiba ya kifua kikuu kuwa ya bure. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima wale hawakuhitaji kufundishwa hilo. Kazi ya Douglas ilikuwa kulitandaza jambo lililofanywa na tarafa hadi likalienea jimbo zima.

Miezi michache baada ya kuapishwa, alimwalika Henry Sigerist, profesa wa historia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, kuchunguza hali ya afya jimboni na kupendekeza njia. Kuanzia Januari 1945, wastaafu waliotegemea posho, wajane na wengineo wasiojiweza walipewa kadi za kutibiwa bila malipo. Tiba ya saratani ikagharimiwa na serikali. Mnamo 1946 ikaanzishwa huduma ya ndege za kuwabeba wagonjwa kutoka mashamba ya mbali, na mwaka uo huo wilaya ya afya ya Swift Current ikaanza kumlipia kila mkazi wake ada za daktari. Wilaya hiyo ikawa shamba la majaribio: matatizo yalijitokeza na kurekebishwa hapo kabla ya kuwafikia wengine.

Katiba ya Kanada inayakabidhi majimbo mamlaka juu ya hospitali. Serikali ya taifa iliwahi kupendekeza mpango wa bima ya afya wa kugharimiwa kwa pamoja, lakini mazungumzo yake na majimbo yalivunjika mnamo 1946. Majimbo mengine yakaamua kungoja. Douglas hakungoja. Januari 1, 1947 Saskatchewan ilizindua bima ya hospitali kwa wakazi wote, ya kwanza ya aina yake katika Amerika Kaskazini. Kila mtu alitakiwa kulipa dola 5 kwa mwaka, na familia, hata iwe kubwa namna gani, haikulipa zaidi ya dola 30. Pengo lililosalia lilizibwa na kodi. Daktari Mmarekani, Frederick Mott, alikabidhiwa usukani wa kuupanga mradi huo.

Faida za mpango huo zilionekana mapema. Mkulima aliyelazwa hakutoka hospitalini akiwa na deni la kumfanya auze ng'ombe. Hospitali nazo, zilizokuwa zikihangaika kudai bili kwa wasio na kitu, zikawa na mlipaji mmoja wa kuaminika. British Columbia iliiga mnamo 1949. Mnamo 1957 bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuchangia karibu nusu ya gharama za hospitali katika jimbo lolote lenye mpango wa namna hiyo.

Afya haikuwa kazi yake pekee. Serikali ya Douglas ilisambaza umeme mashambani, ikaanzisha kampuni ya umma ya bima ya magari, ikawapa wafanyakazi sheria ya kulinda vyama vyao na, mnamo 1947, ikatunga sheria ya haki za binadamu. Hayo yote yalifanywa huku deni likilipwa na bajeti ikisawazishwa mwaka baada ya mwaka. Kwa Douglas, serikali inayokopa ovyo hujiweka chini ya amri ya wenye benki, na maskini ndio huwa wa kwanza kuumia.

DAKTARI NAYE ALIPWE NA NANI?

Bima ya hospitali ilikuwa nusu ya safari. Mgonjwa aliyelazwa alilipiwa kitanda na chakula, lakini daktari aliyemtazama au kumpasua alimdai ada yake mwenyewe. Fedha za taifa zilipoanza kumiminika, jimbo likapata nafasi ya kupumua. Desemba 1959 Douglas alitangaza redioni kwamba wakati wa kukamilisha ahadi umewadia. Alitaja nguzo tano: malipo yatangulie ugonjwa, kila mkazi ahusishwe, huduma iwe ya kiwango cha juu, mpango uwe chini ya umma, na ukubalike kwa wanaotoa huduma na wanaoipokea.

Kiini cha ubishi uliofuata kilikuwa nguzo ya umma. Madaktari hawakupinga bima yenyewe. Tayari walikuwa na kampuni zao za bima zisizo za faida, na walipendekeza serikali iwalipie maskini pekee ili wajiunge na kampuni hizo, kila mwingine ajitafutie. Douglas alikataa kwa sababu mbili. Kwanza, mpango wa namna hiyo ungemlazimu maskini kwenda kuthibitisha ufukara wake mbele ya karani kabla ya kutibiwa, fedheha aliyoijua vyema tangu Weyburn. Pili, kampuni nyingi zingegombania vijana wenye afya na kuwakwepa wazee na wagonjwa, na mzigo mzito ukaiangukia serikali. Mfuko mmoja unaojumuisha wote, alisisitiza, humfanya mzima amchangie mgonjwa leo, naye achangiwe zamu yake ikifika.

Mgala muue na haki yake umpe. Madaktari walikuwa na hofu za kweli. Baadhi yao walikuwa wamehama Uingereza baada ya serikali ya huko kuanzisha huduma ya afya ya taifa, na hawakutaka kufanywa makarani wa wizara. Waliogopa kwamba anayelipa ndiye atakayeamua dawa ipi iandikwe na nani apasuliwe. Mpango wenyewe haukukusudia kuwaajiri. Kila daktari angebaki na kliniki yake na kulipwa kwa kila huduma aliyotoa. Lakini mahali ambapo hofu imetia mizizi, maelezo huchelewa kusikika.

Uchaguzi wa Juni 1960 ukageuka kuwa kura ya maoni kuhusu suala hilo. Chama cha madaktari kilichangisha fedha na kufanya kampeni ya wazi dhidi ya mpango. Vipeperushi vilienezwa na uvumi ukazagaa kwamba madaktari wote wangehama na nafasi zao kuchukuliwa na wageni wasio na ujuzi. CCF ikashinda tena.

Kamati ya ushauri iliundwa chini ya Walter P. Thompson, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, na madaktari wakapewa viti ndani yake. Mashauriano yalijikokota. Hapo Douglas akakabiliwa na uamuzi mgumu. Agosti 1961 chama kipya cha kitaifa, NDP, kilichozaliwa kwa ndoa ya CCF na vyama vya wafanyakazi, kilimchagua awe kiongozi wake wa kwanza. Muswada wa bima ya daktari ulifikishwa bungeni Oktoba akiwa bado waziri mkuu. Ulipotiwa saini kuwa sheria mwezi Novemba, alikuwa amekabidhi ofisi kwa Woodrow Lloyd, mwalimu wa zamani, mtu mpole lakini asiyeyumba.

SIKU 23 ZA WASIWASI

Kuondoka kwake hakukumwepusha na ghadhabu. Katika uchaguzi wa taifa wa Juni 18, 1962, Douglas aliwania kiti mjini Regina, makao makuu ya jimbo alilolitawala kwa miaka 17. Hasira dhidi ya mpango wa afya ilimwangukia yeye, akashindwa vibaya. Mtu aliyewapa watu wa jimbo hilo bima ya hospitali alikataliwa nao siku chache kabla ya kuwapa bima ya daktari.

Julai 1, 1962 sheria ilianza kutumika na madaktari wengi wakafunga kliniki zao. Hospitali chache tu zilibaki zikihudumia wagonjwa wa dharura. Siku hiyo ya kwanza, mtoto mchanga alifariki huku wazazi wake wakizunguka naye kwa gari kutoka mji hadi mji wakitafuta daktari. Simanzi ikatanda, na kila upande ukaunyoshea kidole upande wa pili.

Kamati za wananchi za kuwatetea madaktari zilizuka kila mahali. Waandishi wa habari wa kimataifa walimiminika Regina, kwani nchini Marekani pia Rais John F. Kennedy alikuwa akipigania bima ya matibabu ya wazee na kila upande ulitaka kuona Saskatchewan itaangukia wapi. Serikali ya Lloyd ilileta madaktari kutoka Uingereza. Wananchi waliouunga mkono mpango walianzisha zahanati zao za ushirika mjini Prince Albert, Saskatoon na kwingineko.

Julai 11 wapinzani waliitisha mkutano mkubwa mbele ya jengo la bunge. Waliohudhuria walikuwa maelfu machache, idadi ndogo mno kuliko ilivyotangazwa. Tangu hapo upepo ukabadilika. Bwana Stephen Taylor, daktari na mjumbe wa Baraza la Mabwana la Uingereza aliyeshiriki kuujenga mfumo wa afya wa nchi yake, alifika kupatanisha. Akawa anatembea kati ya pande mbili zisizotaka kuketi chumba kimoja. Julai 23, baada ya siku 23, Maafikiano ya Saskatoon yakatiwa saini.

Kila upande ulipata kitu. Madaktari walihakikishiwa uhuru wa kitaaluma na hiari ya kutibu nje ya mpango, na kampuni zao za bima zikaruhusiwa kupitisha bili. Serikali nayo ilibaki na lile lililokuwa moyo wa jambo: bima kwa wote, na mfuko wa umma kuwa mlipaji. Mchango ulikuwa dola 12 kwa mtu mmoja na dola 24 kwa familia kwa mwaka. Baada ya muda mfupi madaktari waligundua kuwa vipato vyao vimepanda, maana hapakuwa tena na mgonjwa asiyelipa.

Chama cha CCF kilipoteza uchaguzi wa jimbo mnamo 1964. Waliberali wa Ross Thatcher walioingia hawakuthubutu kuufuta mpango. Kwa miaka miwili tu, wananchi walikuwa wameuzoea kama walivyozoea barabara na shule.

KUTOKA JIMBO HADI TAIFA

Mwaka huo wa 1964, tume iliyoongozwa na Jaji Emmett Hall ilitoa ripoti yake. Hall alikuwa mhafidhina wa Saskatchewan, aliyeteuliwa na Waziri Mkuu John Diefenbaker, naye mhafidhina wa jimbo lilo hilo. Wengi waliojitahidi kuupinga mpango walitarajia angewaunga mkono. Badala yake, baada ya kuuchunguza ushahidi, alipendekeza Kanada nzima ifuate mfano wa Saskatchewan.

Waziri Mkuu Lester Pearson, ambaye serikali yake haikuwa na wingi wa viti na ilihitaji kura za NDP ya Douglas, alipitisha sheria hiyo mnamo Desemba 1966. Ilianza kutumika Julai 1968, na kufikia mwanzoni mwa mwongo wa 1970 majimbo yote kumi yalikuwa yamejiunga. Yaliyoanzia katika wilaya moja ya Swift Current yakawa mali ya taifa.

Douglas alirudi bungeni Oktoba 1962 kupitia uchaguzi mdogo katika British Columbia. Hakuwahi kuwa waziri mkuu wa Kanada, wala chama chake hakikukaribia kushinda akikiongoza. Mnamo 1968 alikosa kiti kwa mara nyingine, akarejea mwaka uliofuata. Oktoba 1970, wanaharakati wa Quebec walipoteka nyara watu wawili na serikali ya Pierre Trudeau ikatangaza sheria ya hali ya vita, Douglas alikuwa miongoni mwa wabunge wachache waliosimama kuipinga. Umma wakati huo ulimzomea. Wengi wamekiri baadaye kwamba alikuwa na haki. Aling'atuka uongozini mnamo 1971 na kustaafu ubunge mnamo 1979. Nyaraka zilizotolewa baada ya kifo chake zilifichua kuwa polisi wa taifa walikuwa wakimpeleleza kwa zaidi ya miongo mitatu.

Uzeeni alikuwa na wasiwasi mmoja. Madaktari na hospitali kadhaa walikuwa wameanza kuwatoza wagonjwa ada za ziada juu ya zile zilizolipwa na bima, na kizingiti alichokivunja kikawa kinajengwa upya polepole. Aliishi kuona Sheria ya Afya ya Kanada ya mwaka wa 1984, ambayo iliyatishia majimbo yanayoruhusu ada hizo kwa kuyakata fedha. Wabunge wa vyama vyote waliipitisha bila hata kura moja ya kupinga.

Hata hivyo, hakuiona kazi kuwa imekwisha. Kwake, kuondoa kizingiti cha fedha kati ya mgonjwa na daktari kulikuwa hatua ya kwanza. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ilikuwa kuupanga upya mfumo wenyewe ili watu wasiugue kwanza. Mpango wa mwanzo haukugusa dawa zinazonunuliwa nje ya hospitali wala matibabu ya meno kwa watu wote, na Wakanada wameendelea kubishana juu ya mapengo hayo na juu ya foleni ndefu za kungoja upasuaji. Wanachobishania ni namna ya kuurekebisha mfumo. Wanaotaka kurudi kule mgonjwa alikoulizwa fedha kwanza ni wachache.

Tommy Douglas alifariki kwa saratani jijini Ottawa Februari 24, 1986, akiwa na umri wa miaka 81. Aliacha mjane, Irma, na mabinti wawili, Shirley, mwigizaji aliyemzaa mwigizaji wa filamu Kiefer Sutherland, na Joan. Mnamo 2004, shirika la utangazaji la taifa, CBC, liliwaalika Wakanada wampigie kura Mkanada mkuu wa nyakati zote. Waliwapita mawaziri wakuu, wavumbuzi na wachezaji wa magongo, wakamchagua mchungaji wa Weyburn aliyewahi kukataliwa na wapiga kura wa Regina.

Jina la daktari aliyeuokoa mguu wake halikumbukwi na wengi. Lakini tangu Julai 1962, mtoto anayefikishwa hospitalini Saskatchewan akiwa na mfupa uliooza haulizwi babake anafanya kazi gani, wala haimlazimu kungoja bingwa mwenye huruma apite na wanafunzi wake.